Shairi la Ndama wa Nyasi

Mwaka wa 1963 nilikuwa na miaka kumi na minne, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kabla ya hapo tulikuwa na ngamia. Sisemi tulikuwa matajiri, nasema tulikuwa na ngamia, na mtu wa kwetu hahitaji nimwongezee. Baadaye kukawa na watu wenye bunduki porini na watu wenye bunduki barabarani, na sisi tuliokuwa katikati tukitafuta maji tukaulizwa na wote tuko upande gani. Baba yangu alikuwa akijibu kwamba yuko upande wa kisima. Hakuna aliyecheka.

Kufikia 1966 hatukuwa na ngamia hata mmoja. Wengine walichukuliwa na wale wa porini kwa jina la ukombozi, wengine wakachukuliwa na serikali kwa jina la adhabu, na waliobaki walikufa ndani ya uzio, kwa sababu ngamia aliyezuiwa kutembea hakai. Sisi wenyewe tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ulinzi nje ya Garissa, seng'enge pande zote na lango moja. Tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa jioni, kana kwamba katikati ya mchana tungeweza kuzaana. Mwanamume hakutoka bila kibali, na kibali hakikupatikana. Wanawake tuliruhusiwa kwenda kutafuta kuni.

Nilikuwa nimeposwa, lakini mahari ilikuwa ngamia, kwa hiyo hapakuwa na harusi.

Mimi sikusoma. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kunichunguza. Herufi nilijifunza nikiwa mama wa watoto wanne, katika darasa la ngumbaro, na darasa lenyewe lilikuwa la Kiswahili. Ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Kisomali nakisema, nakiota, nagombana nacho sokoni, lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha. Makosa yaliyomo humu ni yangu.

Na kilichonifanya niandike ni mjukuu wangu, anayesoma fasihi pale chuo kikuu. Siku moja alikaa kwenye kibanda changu cha maziwa, kitabu magotini, akirudiarudia kwa sauti: dhamira, sitiari, toni. Dhamira, sitiari, toni.

"Hayo ni magonjwa ya nini?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka kitabu kikaanguka. Halafu akanieleza, kwa subira, maana ni mtoto mwenye adabu. Dhamira ni kile shairi linachotaka. Sitiari ni kitu kimoja kusimamishwa mahali pa kingine. Toni ni sauti ya anayesema, kama anacheka au analia au anadharau.

"Na ukikosea moja?" nikamuuliza.

"Unapoteza alama, ayeeyo," akasema, yaani bibi.

Nikamwambia sisi tulikosea moja, na nusura tupoteze mtoto. Akafunga kitabu. Nikamsimulia, akasema, ayeeyo, andika. Basi naandika.

Mama yangu alikuwa na kaka mmoja. Kwetu kaka wa mama anaitwa abti, naye hukuita abti vilevile, mnaitana jina moja kama watu wanaoshika kamba moja. Huyu abti yangu, vita vilipoanza, alikubali kuwa mkuu wa kijiji chini ya serikali. Alipewa kofia na kibanda cha mabati. Alikubali kwa nini, sijui. Wengine walisema tumbo. Mama alisema alikubali ili watu wake wasipigwe, na kweli kijijini kwake walipigwa kidogo kuliko kwetu.

Baba hakuvumilia. Baba alikuwa mtunzi, na mtunzi wa kwetu akikasirika hapigi mtu, anamtungia. Akatunga gabay, ndilo shairi letu kubwa la wanaume, kuhusu kofia inayotangulia njiani na mtu anayeifuata nyuma akiibebea kivuli. Lilichekesha. Ndiyo ubaya wake. Shairi lisilochekesha hufa kambini, lakini hilo lilitembea kutoka kisima hadi kisima, wachungaji waliimba, na mwishowe abti alilisikia kwa watu wasiomjua hata kwa sura. Akatuma neno moja: "Shemeji yangu akitaka kusema nami tena, aseme kwa njia aliyonitukania."

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Shairi lililotembea haliondolewi kwa salamu wala kwa mzee wa kusuluhisha. Linaondolewa kwa shairi. Baba alisema hatatunga kitu cha kumwomba radhi mtu mwenye kofia hata jua lizame mashariki. Wakakaa hivyo, wanaume wawili wazima, miaka.

Halafu mama akajifungua ndani ya uzio.

Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, na mama hakuwa na maziwa. Angeyatoa wapi? Tulikuwa tunakula posho ya mahindi, wengi wetu mara ya kwanza maishani, na matumbo yetu hayakujua ni kitu gani. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena. Baada ya muda kilio chake kikawa cha mtu aliyepotewa na sauti. Wanawake wa jirani waliingia, wakamtazama, wakasema mashallah, wakatoka haraka. Nikajua wanachokiona.

Wakati huo abti alikuwa bado na ngamia wa maziwa. Kwa ajili ya kazi yake aliruhusiwa kubaki na wachache, wakachungwa nje ya uzio wa kijiji chake, upande wa chini wa mto Tana, mwendo wa kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Na kwetu kuna desturi: ndugu akiishiwa, unamwazima ngamia mwenye maziwa, akame mpaka maziwa yakatike, amrudishe. Hakuna aibu katika kuazima. Aibu ilikuwa kwenye midomo ya wale wawili.

Baba alikaa nje ya kibanda siku nzima, mgongo kwetu. Jioni, baada ya kuhesabiwa, akaingia akakaa karibu na kichwa cha mama, akasema shairi.

Nitaeleza jambo moja ili msomaji asipotee. Ndama wa ngamia akifa, mama yake hukataa kuachia maziwa. Basi watu humchuna yule ndama, ngozi inashonwa, inajazwa nyasi, na mtu anaishika mbele ya mama. Anainusa, anailamba, maziwa yanashuka, na mwingine anakama upesi kabla hajabadili nia. Anayeshika ngozi huwa msichana au mwanamke, na anapoishika huimba polepole, wimbo usio na maneno mengi, wa chini, unaokatika katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wimbo huo wanaume hawauimbi. Anayekama ni mwanamume.

Shairi la baba lilikuwa na maneno ya gabay, mistari mirefu, na kila mstari ulibeba herufi moja, kama sheria inavyotaka. Alichagua herufi ya h, kwa sababu kwa Kisomali ngamia jike ni hal, mama ni hooyo, na ngozi ni harag. Kwa Kiswahili siwezi kuzipanga hivyo, nisamehewe. Maneno yalikuwa kama haya:

Mlinzi wa majike, nasikia kwako kengele za mbao zingali zinalia.
Kwangu yuko jike aliyezaa ndani ya miiba, kiwele chake kimenyauka.
Mbele yake imesimama ngozi iliyoshonwa, imejazwa nyasi.
Ina masikio, upepo unapita ndani. Ina mdomo, umeshonwa kwa uzi.
Jike analamba, analamba, na ngozi haina hata mate ya kumrudishia.

Ndivyo lilivyokuwa. Lakini sauti aliyolisemea haikuwa sauti ya gabay. Lilikuwa limewekwa juu ya ule wimbo wa wanawake wa kushikia ngozi. Sijawahi kusikia mwanamume akifanya hivyo, kabla wala baadaye. Na alipofika kwenye ngozi, alitazama mikono yake mwenyewe.

Mama akageuza uso ukutani. Akasema, "Litume."

Wa kulituma alikuwa mmoja tu. Kulikuwa na kijana mpakizi wa lori la posho, aliyekuwa na kibali cha kuzunguka vijiji, mwenye kichwa cha ajabu. Shairi akilisikia mara mbili limekaa. Alilala nalo, akaondoka nalo asubuhi, na alirudi siku kadhaa baadaye akiwa amejaa furaha, akaja moja kwa moja kwa baba.

"Umelifikisha?" baba akauliza.

"Nimelifikisha? Wallahi, mzee, walikuwa wanakunywa chai, wakaweka vikombe chini."

"Ulilisema vipi?"

"Lote. Sikuacha neno. Niulize neno lolote."

"Sikuulizi maneno. Nakuuliza sauti."

Kijana akatazama kando. "Mzee, pale palikuwa na wanaume watupu. Na wageni, wazee wa koo nyingine. Ningesimamaje katikati yao niimbe wimbo wa wasichana wa kushika ngozi? Wangenipachika jina mpaka kaburini. Nikalipandisha, kama gabay linavyopandishwa."

"Ukalipandisha."

"Mpaka askari wa langoni akageuka."

"Basi umempelekea matusi."

"Matusi gani tena, mzee? Maneno ni yako."

"Maneno ni yangu. Matusi ni yako."

Kijana hakuelewa, na sikumlaumu, wala leo simlaumu. Alikuwa amebeba mzigo wote bila kudondosha punje, ila aliubeba juu chini. Shairi likipandishwa kwa sauti ile ya juu, ya kifua, ni shairi la kumkabili mtu. Na ukimkabili mkuu wa kijiji cha serikali ukasema iko ngozi iliyojazwa nyasi, mdomo umeshonwa, kila aliyekaa pale anageuka kumtazama nani? Sisi tunalo hata neno la kumtukania mtu anayesimamishwa na wengine ili wakame. Ni jina la hiyo hiyo ngozi. Abti alidhani baba amemtungia kofia ya pili.

"Amejibu nini?" baba akauliza.

"Amesema, mwambie nimesikia. Na ngozi haina maziwa ya kumpa."

Baba hakula siku hiyo. Alisema yamekwisha. Mama ndiye aliyeniita. Alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, na mtoto alikuwa hanyonyi tena, ameweka tu mdomo.

"Kaka yangu si mtu mbaya," akasema. "Amepelekewa sauti nyingine. Nenda wewe."

"Mwanamke atasemaje gabay mbele ya wanaume, hooyo?"

"Nani amekwambia hiyo ni gabay? Baba yako ameliweka kwenye wimbo wetu. Lilikuwa la kubebwa na mwanamke tangu mwanzo, ila wanaume hawakuliona. Liseme nilisikie."

Nikalisema. Akanisimamisha mahali pawili nilipokimbiza maneno. "Usilie ndani yake," akanionya. "Ukilia wewe, yeye hatapata nafasi."

Nimewasikia walimu wengi tangu wakati huo, redioni na madarasani, na sijasikia aliyesema zaidi ya hilo.

Asubuhi nilitoka na wanawake wa kuni, nikawaacha kwenye kichaka, nikashika njia ya chini ya mto. Nikikamatwa, basi nikamatwe. Adhuhuri nilikuwa langoni kwa abti, na kwa kuwa nilimtaja yeye nikaruhusiwa.

Walikuwa wamekaa mbele ya kile kibanda cha mabati, wazee watano sita, chai mikononi. Abti alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa chini, karibu na mguu wake, kama mbwa asiyetakiwa ndani.

"Karibu, abti," akaniambia, bila kuinuka.

Mzee mmoja asiye na meno akaniangalia. "Huyu si binti wa mshairi? Mfungeni mdomo mapema."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "La, mdomo ulioshonwa tunao tayari hapa."

Kicheko kikakatika. Yule aliyesema akaangalia ndani ya kikombe chake. Hapo nikaona abti yangu alivyokuwa akiishi tangu kijana wa lori alipopita: anacheka na watu mchana, nao wanalirudia shairi akiwapa mgongo. Nilikuwa nimekuja na hasira kwa ajili ya mtoto. Hasira ikaniponyoka.

"Baba yako amekosa wanaume wa kutuma?" abti akauliza.

"Alimtuma mwanamume. Ndiyo shida iliyonileta."

Asiye na meno akapiga goti kwa furaha. Abti hakucheka.

"Nimeleta shairi lilelile," nikasema.

"Nimeshalisikia."

"Umesikia maneno, abti."

"Binti," akasema mzee mwingine, kwa upole wa kufukuza, "mwanamke hapandishi gabay kwenye baraza la wanaume."

"Sipandishi. Hili la kushikia ngozi."

Sikungoja ruhusa. Nikavua shali yangu ya juu, nikaikunja, nikaiviringisha, nikachuchumaa nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili, kichwa juu, jinsi tunavyoshika. Mwanamume yeyote wa kwetu amekulia upande wa pili wa umbo hilo, kichwa chake kikiwa kwenye ubavu wa ngamia. Nikaanza wimbo bila maneno. Hapo tu abti akaweka kikombe chini.

Nikaleta maneno. Sikuyapandisha. Yalitoka ya chini, yakikatika mahali wimbo unapokatika. Nilipofika kwenye mdomo ulioshonwa hakuna aliyemtazama abti. Walitazama shali.

Nilipomaliza abti akauliza, "Ngozi ni nani?"

"Ni baba."

"Alisema hivyo?"

"Hakusema. Alipofika hapo alitazama mikono yake."

Abti alimjua baba tangu ujana wao. Alijua kwamba katika mashairi yake yote baba hakuwahi kujiita kitu kidogo kuliko simba. Akarudia polepole, kwa sauti yangu, si ya kijana wa lori: ina mdomo, umeshonwa kwa uzi. Miaka yote baba alikuwa na mdomo na hakuomba.

"Na jike," akaanza.

"Unamjua. Mlishika ngozi pamoja."

"Mimi nilikuwa nakama," abti akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akishika." Akaokota kofia, akaitazama, akairudisha chini. "Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Analia?"

"Alikuwa analia."

Akainuka. Akamwita mchungaji, akamwelekeza ngamia yupi. Asiye na meno akamkumbusha, "Na jibu? Shairi hujibiwa, na kwa herufi ileile."

"Hal inaanza kwa herufi gani?" abti akasema, na akaenda.

Alichonipa alikuwa ngamia mwekundu, kijana, mwenye maziwa mengi, na ndama wake alikuwa amekufa wiki chache nyuma. Haachii bila ngozi, abti akaniambia, na akaniletea ngozi yenyewe, imeshonwa, imejazwa nyasi, miguu minne ya kufungwafungwa. Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Ndiye ngamia aliyekuwa naye wa maziwa mapya, na ndiyo ngozi yake. Akaniandikia kibali kwa kazi yake ile ile iliyochekwa, akanipa mchungaji mzee wa kunisindikiza, na tukaondoka, mimi nimembeba ndama wa nyasi mgongoni na mama yake akinifuata akininusa kisogo njia nzima. Kamba haikuhitajika.

Langoni kwetu alikuwepo askari mmoja mrefu, mtu wa mbali, kutoka nchi ya ng'ombe. Kibali akakisoma mara mbili. Ndama hakumpendeza.

"Hii ni nini?"

Kiswahili changu siku hizo kilikuwa cha kuombea njia tu. "Hii mtoto yake."

"Mtoto gani ana nyasi?"

"Mtoto kufa. Hii ngosi. Mama nusa, toa masiwa."

"Na ndani?"

"Nyasi."

"Nyasi na nini?"

Akachomeka singe kwenye tumbo, akapasua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akitafuta risasi. Nyasi zikamwagika miguuni pake, nyasi tu, na ngamia akaanza kulia, ile sauti mbaya ya ngamia, akamsogelea askari kwa shingo yote. Askari akarudi nyuma. Akatazama nyasi, akamtazama ngamia, akanitazama mimi. Kitu kikamjia usoni.

"Kwetu tunafanya hivi kwa ng'ombe," akasema. "Bibi yangu alikuwa na moja imening'inia nyuma ya nyumba. Nilikuwa naiogopa." Akachuchumaa, bunduki mgongoni, akaanza kuokota nyasi na kuzirudisha. Tulijaza pamoja. "Na anadanganyika kweli?"

Hilo nilikuwa nimejiuliza njia nzima. "Mimi fikiri anajua," nikamwambia. "Lakini anatoa."

Akatufungulia lango.

Baba alikuwa amesimama kwenye kibanda. Alimwona ngamia, akaona chapa ya abti shavuni mwake, halafu akaona nilichobeba. Akaingia akatoka na chombo cha kukamia, akasimama ubavuni pa ngamia, akainua goti lake moja kama wanavyofanya. Nikaenda mbele kushika ngozi. Nikasikia mama nyuma yangu.

"Nipe mimi."

Alikuwa ameamka. Alishika, akaimba, ngamia akainamisha shingo na kulamba, na maziwa yakashuka. Baba alikama bila kuinua kichwa. Mikono yake ilijua kazi, na uso wake aliuficha kwenye ubavu wa ngamia muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Mtoto tulimdondoshea kwa kidole, kidogo kidogo. Mama alikunywa mwenyewe kwanza, kwa amri ya wanawake wote wa jirani, ambao sasa waliingia na hawakutoka haraka. Baada ya siku chache titi lake likaamka. Mtoto akarudisha kilio chake, na kijiji kizima kililalamika kwamba hakuna anayelala, na hakuna aliyemaanisha.

Vita vilipokwisha na malango yalipofunguliwa, baba alimrudisha yule ngamia mwenyewe, kwa miguu. Wakakaa siku mbili na abti. Sijui walisemezana nini. Najua kwamba baba alirudi na ngamia yuleyule, na mtamba wake wa uzao wa kwanza, na kwamba lile shairi la kofia halikusikika tena kinywani mwa mtu wa kwetu. Waliokuwa wakilijua walijifanya wamelisahau. Hilo ni jambo gumu kwa watu wasiosahau shairi, na walilifanya kwa ajili yake.

Mimi nilianzia hapo. Kikombe cha kwanza cha maziwa nilichowahi kuuza nilikiuza langoni, kwa yule askari wa nchi ya ng'ombe, ambaye alikunja uso akasema yana moshi, maana vyombo vyetu tunavifukiza, na kesho yake akarudi. Sikumwomba mtu mtaji. Mume nilimpata, Mungu amrehemu, alikuwa mwema na mzito wa kuamka. Kazi niliijenga mimi.

Mjukuu wangu aliniuliza dhamira ya shairi lile ni ipi. Nikamwambia ni maziwa. Akasubiri niongeze. Sikuongeza. Akaandika maziwa, akapiga mstari chini yake, na baadaye akaniambia mwalimu wake alilipenda.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano hapa Garissa, na choo chake ndani. Nina kibanda sokoni chenye friza mbili, moja mbovu. Nina pikapu ya kubebea maziwa, anayeiendesha ni ndugu yangu, yule yule wa ndani ya uzio, ambaye sasa ana mvi na bado ana sauti kubwa. Nina shali nyingi kuliko ninazohitaji. Nina daftari hili. Nina ngamia kumi na wanane upande wa Balambala, wekundu wengi wao, wote uzao wa mmoja. Nawapiga chapa ya abti.